Mjane Asiyetimiza Umri

Kwa miaka ishirini na saba Thelma Brandvold aliishi kwa ugomvi wa majirani. Mawakili wengine wa mji wa Mesa walitetea wauaji na wanandoa wanaoachana. Yeye alitetea vyama vya wenye nyumba. Mtu akipaka mlango rangi ya zambarau, akiacha pipa la taka nje hadi Alhamisi, chama cha mtaa humpigia simu Thelma, na Thelma huandika barua. Watu wazima na akili zao hununua nyumba, hutia sahihi kitabu cha masharti cha kurasa tisini bila kukifungua, halafu eti wanashangaa. Thelma alikuwa ameacha kushangaa zamani.

Kanuni yake ilikuwa moja, na aliwakaririsha viongozi wa vyama kama sala: barua zote zitoke siku moja, Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kwa kila mkosaji, awe rafiki au adui. "Ukimwachia mmoja umewaachia wote," alikuwa akisema. "Jaji atakuuliza kwa nini huyu na si yule. Utamjibu nini?" Kwa kanuni hiyo hakuwahi kushindwa kesi ya masharti.

Jumatatu ya kwanza ya Septemba palikuwa na barua kumi na moja za mtaa wa Palo Seco mezani pake. Palo Seco ni mtaa wa wazee. Kila nyumba lazima iwe na mkazi aliyetimiza miaka hamsini na mitano, na kila baada ya miaka miwili wanahesabiana umri, maana wakilegea serikali itawanyang'anya haki ya kukataa familia zenye watoto, na wazee wale heri nyoka kwenye bwawa la kuogelea kuliko mtoto. Barua kumi zilihusu mapipa na magari. Ya kumi na moja ilikuwa ya Noemi Ybarra, miaka arobaini na sita. Mumewe Dwight, wa miaka sitini na tisa, alikuwa amefariki mwezi wa tano. Fomu ya umri ilipomfikia, Noemi alilikata jina la marehemu kwa rula, akaandika lake na tarehe yake ya kuzaliwa. Angeweza kuitupa. Nusu ya mtaa huitupa.

Thelma alifungua jalada la zamani atafute nakala ya sharti aiambatanishe. Hapo ndipo alipouona. Masharti ya kale ya Palo Seco yalikuwa na mstari mmoja: mtu akifiwa na mwenzi wake ataendelea kukaa, hata kama hajatimiza umri. Masharti mapya, aliyoyaandika Thelma mwenyewe miaka kumi na moja nyuma, hayakuwa nao. Alikumbuka vizuri sana. Ilikuwa wiki ya kazi nyingi, akanakili ukurasa mzima kutoka masharti ya mtaa mwingine, na wenye nyumba wakapiga kura wakiamini maelezo yake kwamba yanayobadilika ni uzio na maegesho tu. Hakuna aliyekusudia kuuondoa mstari ule. Ulidondoka mkononi mwake.

Alilichukua jalada. Alikwenda chumba cha pili kwa Ewing Latham, mshirika wake, akamwonyesha.

"Nani mwingine anajua?" Ewing aliuliza.

"Mimi na wewe."

"Basi tubaki hivyo hivyo. Ngoja niwaandikie watu wa bima yetu ya makosa ya kazi. Ukikiri kabla hawajajibu watatutosa, na wakitutosa hapa tunafunga duka."

"Ewing, huyu mama anafukuzwa nyumbani kwake kwa kosa langu mimi."

"Hafukuzwi leo. Ana siku sitini, na mwezi ujao ana kikao mbele ya wajumbe wa chama. Thelma, dada yangu, mbona unajitafutia kamba? Subiri kidogo."

"Na barua?"

"Kanuni si yako? Zinatoka siku moja."

Tusimfichie: alijua, na alitia sahihi. Tena ilikuwa barua nzuri, fupi, yenye heshima, isiyo na hata upenyo mmoja wa matumaini. Ndivyo alivyoziandika zote.

Watu wa bima hawakujibu wiki ya kwanza, wala ya pili. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Alikuwa akila biskuti kavu na vidonge vya kiungulia. Alijikumbusha kwamba sheria inamkataza wakili kumshauri anayebishana na mteja wake. Hilo lilikuwa kweli. Pia lilimfaa sana, na alilijua hilo kwa aibu. Asubuhi ya kikao aliamka akiwa ameamua. Bima watose wakitaka.

Kikao kilianza saa nne katika ukumbi ulio kando ya bwawa. Wajumbe watano walikuwa wameketi, na mwenyekiti wao Burt Kessinger, fundi wa ndege mstaafu wa miaka sabini na minne, alikuwa na donati mkononi. Mkewe Sherri, wa miaka hamsini na mmoja, alikuwa akigawa kahawa. Kiti cha Noemi kilikuwa kitupu.

"Haya, wakili wetu," Burt alisema, "tulimalize hili kahawa ingali moto."

Thelma alisimama, akawaeleza. "Mstari ulikuwepo, mimi niliuangusha, hamkupiga kura ya kuuondoa."

"Miaka kumi na moja tunakulipa!" Burt alifoka. "Miaka kumi na moja, mama, na kumbe hujui hata kunakili!"

"Hebu nyamaza, Burt," Sherri alisema, birika mkononi. "Kwa hiyo huyu akifa kesho, mimi natupwa nje na mabegi yangu?"

"Nani kasema nakufa?"

"Hiyo ni donati ya tatu, mpenzi. Mimi nauliza tu."

Wajumbe walicheka, kisha wakatazamana, kwa kuwa wawili kati yao walikuwa na wake vijana nyumbani. Haikuchukua dakika tano. Mikono mitano ikapanda: mstari upelekwe kwa wenye nyumba wote waurudishe, na hadi hapo asiguswe mjane yeyote. Thelma aliketi. Kwa mara ya kwanza tangu Septemba alivuta pumzi ikafika chini.

Mlango ukafunguliwa, Noemi akaingia na sare yake ya kliniki ya meno. Aliweka mbele ya Burt kadi mbili za lango na ufunguo wa bwawa.

"Samahani, nilikuwa na wagonjwa. Nimeleta hivi nisije nikaondoka navyo."

"Rudisha mkobani, dada!" Burt alisema kwa bashasha. "Tumekufutia. Unabaki."

"Nabaki wapi?"

"Nyumbani kwako, wapi tena?"

"Nimeshaiuza," Noemi alisema. "Nilitia sahihi Ijumaa. Mume na mke kutoka Minnesota. Niliwauliza umri kwanza, wote wamepita sitini."

Sherri aliweka birika chini.

"Si ungengoja kikao!" Burt alisema.

"Ningoje nini, mzee wangu? Dada yangu wa Yuma aliisoma ile barua mara mbili akaniambia, mdogo wangu, hapa hakuna pa kushika." Akamgeukia Thelma. "Ndiwe uliyeiandika?"

"Ndimi." Thelma alisimama tena, akarudia yote, safari hii akimtazama mwenyewe usoni. Aliposema samahani, neno lilimtoka dogo mno.

Noemi alisikiliza hadi mwisho. "Majivu ya Dwight nimeyamwaga chini ya mlimau wa uani," alisema. "Nilidhani tutakuwa pamoja pale. Sasa wale wa Minnesota niwaambie nini?"

Alimgeukia Thelma tena.

"Ulijua lini?"

Swali hilo Burt hakuwa ameliuliza, wala mjumbe yeyote. Thelma alijua majibu matatu ambayo yangemwokoa, na yote matatu aliwahi kuwafundisha wateja. Nyuso zote ziligeuka kumtazama.

"Kabla sijaitia sahihi barua yako," alisema.

Noemi aliitikia kwa kichwa, polepole. Alizisogeza kadi na ufunguo zikafika karibu zaidi na Burt, akaupachika mkoba begani.

"Ule mstari sawa, ulikosea," alisema. "Barua hukukosea, ulijua."

Akasukuma mlango, akatoka kwenye jua.