Mnyororo Wote

"Bado," Krijn alisema, na mnyororo ukaendelea kushuka.

Leuntje alikuwa kwenye usukani, akingojea ishara ya mumewe ili arudishe mashua nyuma kidogo, nanga ichimbe matopeni. Hadi hapo mzee hakuwa amekosea lolote. Alichagua mwenyewe ghuba hii nyuma ya kisiwa, akapima kina, akaishusha nanga taratibu badala ya kuitupa kama watalii. Lakini kina kilikuwa mita tatu tu, na mnyororo uliokwisha kuzama ungetosha mashua nyingine kubwa zaidi.

"Krijn, huo unatosha."

"Unatosha sasa hivi. Maji yakijaa je?"

Katika Ziwa la Veere maji hayajai wala hayapwi. Zamani ndiyo, Krijn alipokuwa kijana akivua uduvi na baba yake. Kisha ukajengwa ukuta, bahari ikafungiwa mlango, na tangu siku hiyo maji yametulia kama yaliyo kwenye beseni. Mwana wao wa pekee, Marinus, alizaliwa baada ya ukuta na hajui mkondo ni kitu gani.

Ni Marinus aliyeweka sharti. Baba yake alikwisha kupotea akirudi kutoka kwa mwoka mikate, katika mtaa uleule alikozaliwa. Basi safari hii ni ya kumpima, Marinus alisema. Akisahau kazi ya mashua, mama apige simu, yeye atakuja kuchukua ufunguo na mashua itauzwa. Leuntje alikubali kwa sababu hakuamini itafika huko. Mtu anaweza kusahau njia ya nyumbani, aliwaza, lakini si nanga.

Mwanamke wa mashua ya jirani, aliyekuwa akianika taulo, aliona kila kitu. "Mzee, mnyororo wote huo wa nini? Unaogopa tutakuibia ziwa?"

Krijn alicheka naye. Akafunga kila kitu mahali pake, akapandisha mlingotini ule mpira mweusi wa kuonyesha kwamba mashua imetia nanga, kisha akaomba kahawa. Leuntje alimpa, pamoja na mkate wa sukari na mdalasini anaoupenda, akaushika kidogo mkono wake wenye makovu. Halafu akashuka chumbani akampigia mwanawe. Alilia akisema. Alijiona msaliti, na msaliti wa mtu aliyelala naye kitanda kimoja ujana wake wote hana pa kuficha uso. Marinus alijibu kwamba anakuja na kiboti chake kabla ya chakula cha jioni.

Alipopanda tena juu, upepo ulikuwa umekufa. Ukungu mwembamba ulikuwa umelala upande wa mashariki, na mashua za watu zilielea kila moja ikitazama kwake, kama ng'ombe malishoni. Krijn alikuwa amepiga magoti omoni, mbele kabisa ya mashua, kiganja juu ya mnyororo.

"Njoo uushike," alisema.

Leuntje akaushika. Ulikuwa ukitetemeka. Kisha polepole, bila upepo wowote, mashua ikaanza kugeuka. Mti wa ufukweni, alioupanga mstari mmoja na mnara wa kanisa ili ajue mashua ikisogea, ukaachana na mnara. Alidhani nanga inaburuzwa, lakini omo iligeuka mpaka ikauelekea ukuta wa bahari, ikatulia hapo, mnyororo ukakazika mbele. Ubavuni maji yakaanza kunong'ona, halafu yakakimbia. Sauti hiyo hakuwahi kuisikia tena tangu usichana wake. Akatazama kwa jirani. Mashua ile haikuwa imesogea hata kidogo. Taulo zilining'inia, mwanamke akisoma gazeti.

Aliogopa, na zaidi ya yote aliogopa kwamba si mumewe anayeugua.

"Krijn, haya hayawezekani."

"Ni bamvua, maji makubwa," Krijn alisema. "Mwezi mpevu leo. Haya ni mwanzo tu."

Alisema kama mtu anayetaja siku ya soko.

Muda si mrefu wakasikia injini. Marinus alikuja kutoka upande wa Veere, amesimama ndani ya kiboti na koti lake la ofisini. Alizima injini mapema ili ateleze mpaka ubavuni mwao. Leuntje alitaka kumwambia aiwashe tena, lakini alichelewa. Kiboti kilikuja kwa kasi isiyokuwa yake. Marinus akanyoosha mkono kushika reli, vidole vikaigusa, vikateleza. Akapita. Alivuta kamba ya injini, ikakohoa ikanyamaza, naye akazidi kwenda, akigeuka kuutazama ukungu uliokuwa nyuma yake.

"Baba," aliita, "kitu gani kinanivuta?"

Krijn alikuwa amekwisha kufika tezi, nyuma ya mashua, kamba iliyokunjwa mkononi. "Huyo alijifunzia ziwani," alimwambia mkewe. "Funga hiyo ncha."

Leuntje akaifunga bila kuuliza, akaikaza kwa uzito wake wote. Mzee akarudisha mkono nyuma, akatupa. Kamba ikajikunjua juu ya maji yaendayo, ndefu, bado haijaanguka, na kule kiboti kinakoishia kuonekana Marinus alikuwa amesimama, amenyoosha mikono yote miwili.