Mpapai wa Kujiotea

Benki walitaka hati ya shamba ndipo watukopeshe pesa za kununua shamba. Nikamwambia yule kijana mwenye tai, "Mwanangu, ningekuwa na shamba ningekuja hapa kufanya nini?" Akacheka. Mimi sikucheka hata chembe.

Ndipo tukamwendea shangazi wa mume wangu. Akatupa eka yake tulime, tukivuna tugawane nusu kwa nusu. Sharti lilikuwa moja tu: tusipande mti. "Mahindi yanang'olewa," alisema. "Mpanda mti kesho huja na mashahidi kudai ardhi." Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tukainama.

Sasa pale tulipozoea kula mchana, mbegu za papai tulizotema zikaota. Niling'oa zote, ukabaki mche mmoja, mume wangu akanizuia. Ni fundi seremala, maisha yake yote anaranda miti ya watu.

"Umejiotea wenyewe, mke wangu. Kwani tumeupanda?"

"Ung'oe, baba watoto, utatuponza!"

"Kesho."

Hiyo kesho yake ikazaa mapapai.

Siku ya shangazi kuja kuchukua fungu lake, nilidamka nikashika panga. Mume wangu alisimama kando, machozi yakimlenga. Roho iliniuma, lakini eka ile ndiyo iliyokuwa inalisha wanangu. Nikaukata, nikafunika kisiki, gogo na mapapai kwa mabua.

Lo! Shangazi si mtu wa kufunikiwa mabua. Aliyasukuma kwa fimbo yake. Utomvu ulikuwa bado unatoka.

"Nani kaupanda?"

"Haki ya Mungu, shangazi, umejiotea."

"Kama umejiotea, mbona mmeukata? Na mbona mmeuficha?"

Mtaani wananiita Cherehani kwa sababu ya mdomo huu. Siku hiyo kilishona neno moja tu: "Umejiotea, shangazi, umejiotea."

"Msimu ujao watalima wanangu," akasema. Wanawe hao jembe wanaliona kwenye picha! Nikampigia magoti palepale kwenye mabua, nikamlilia bila aibu. Alikuwa ameshanipa mgongo, anawaelekeza wapakizi aliokuja nao.

Mume wangu hakubembeleza mtu. Aliokota mapapai yaliyoanguka, mabichi yote, akayagawa nusu kwa nusu kama tulivyoagana, akaliweka fungu la shangazi juu ya magunia yake.