Simu Nakata Mimi

Mkwe wangu alimpiga binti yangu mbele yangu mara moja tu, sebuleni kwangu, na siku hiyo alitoka na jino moja pungufu. Nilimpiga kwa sufuria. Binti akabaki kwangu na sanduku lake, mkwe akarudi kwake peke yake. Jumatatu sote tukaingia kazini kwa lango moja, maana tunafanya kazi pamoja. Mimi ni msimamizi wa kiwanda cha mbao, binti anatunza stoo, na mkwe ndiye mnoaji wa misumeno.

"Mfukuze," binti aliniambia.

"Nyumba ni nyumba, kazi ni kazi," nikamjibu. "Mnoaji mwingine nitamtoa wapi? Mbinguni?"

Masikio yangu yaliliwa na kelele za msumeno siku nyingi. Chuoni nilipata diploma ya ufundi, nikafundishwa kila kitu kuhusu mbao isipokuwa kuziba masikio. Sasa navaa mashine mbili ndogo nyuma ya masikio, na zimeunganishwa na simu yangu bila waya. Mtu akinipigia, sauti yake inaingia kichwani moja kwa moja, na kelele za kiwanda zinasukumwa mbali kama mtu kafunga mlango.

Ndiyo maana kwetu hakuna anayeniita kwa mdomo. Hata ukiwa umesimama ubavuni pangu, unapiga simu. Wageni hucheka wakiona mtu na bosi wake wanaongea kwa simu huku viwiko vinagusana. Kila mfanyakazi ana simu kwenye mfuko wa kifuani, imewekwa spika, na kitufe kimoja kinanipata mimi. Akishasema lake hahangaiki kuvua glavu ili akate. Mimi nagusa sikio, imekwisha. Aliyepiga hakati. Nakata mimi. Sheria hiyo hata paka wa stoo anaijua.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunapasua gogo gumu. Mbele ya msumeno alikuwa Mzee Kimya, anasukuma. Tulimpa jina hilo kwa sababu hanyamazi. Mimi nilikuwa nyuma, napokea ubao unapotoka.

"Bi Mkubwa," alisema kabla hatujaanza, "leo ukinigonga na ubao nadai fidia."

"Fidia ya nini? Kichwa chenyewe kitupu."

Akacheka, akajiziba masikio kwa vile vikombe vyake vikubwa, akawasha.

Msumeno wa akiba ulikuwa kwa mnoaji. Kila unaonolewa lazima mtu wa stoo aupokee, na siku zote binti aliupokelea mlangoni, mguu mmoja nje. Nilimwona akipita na aproni yake. Sikumwona akirudi.

Simu ikaingia.

"Mama," akasema mkwe. Hata baada ya sufuria aliendelea kuniita hivyo, kwa adabu zote. "Msumeno wa akiba bado kidogo. Msizime mashine. Endeleeni tu."

"Haya."

Mikono yangu yote miwili ilikuwa chini ya ubao mrefu, mzito kama ng'ombe. Sikuweza kugusa sikio. Nikasema moyoni, ukitoka nitakata.

Nikasikia komeo likisukumwa.

"Nipishe," ilikuwa sauti ya binti. "Mama anasubiri."

"Mama yako kiziwi. Na hao wengine wote leo viziwi. Sikiliza huo msumeno. Piga kelele tuone nani atakuja."

Kofi. Nililisikia kama limenipata mimi. Kisha kitu kizito kikaanguka, meza ikasogea sakafuni, na binti akatoa pumzi ya mtu aliyepigwa ngumi tumboni.

Nikapiga kelele, msumeno ukazimeza, hata simu ndani ya aproni haikuzipata. Mzee Kimya alinitazama kupitia vumbi la mbao, akatabasamu, akaninyooshea kidole gumba. Ubao ukiuachia katikati, msumeno unaukamata na kuurusha kwa anayesukuma kama mkuki. Ningempasua tumbo mzee wa watu. Na swichi ilikuwa upande wake.

"Lete mkono," mkwe akasema kichwani mwangu, taratibu, kama anamfundisha mtu kazi. "Huu unaotia nao saini huko stoo. Weka hapa."

"Usifanye hivyo. Mume wangu, tafadhali."

"Utarudi nyumbani leo?"

"Sirudi."

Nikasikia jiliwa, kile chuma cha kubania misumeno mezani, likilia. Naijua parafujo ya jiliwa lile. Nililinunua mimi, nikawaambia waipake mafuta, hawakupaka. Ililia mara moja, ikalia tena, halafu binti akapiga ukelele. Nimemlea mtoto huyu toka meno ya kwanza, nimemsikia akilia kwa homa, kwa njaa, kwa msiba. Kilio kile sikuwahi kukisikia.

Sukuma, mzee, sukuma. Ubao ulikuwa unakuja kama konokono. Nilitaka kumfanyia ishara azime, nikajizuia. Msumeno ukinyamaza, mkwe angejua watu wanasikia, na angemaliza haraka alichoanza. Acha uungurume.

"Utarudi?"

"Niue basi."

"Sikuui. Nakuachia ukumbusho."

Ubao ukatoka. Niliutupa kando bila kuangalia ulipoangukia, nikanyakua kulabu ya kugeuzia magogo, mpini wake chuma na ncha yake imepinda kama kucha ya mwewe. Nikakimbia.

Mlango wa chumba cha mnoaji tuliutengeneza sisi wenyewe, na sisi hatutengenezi milango mibovu. Pigo la kwanza halikuuhamisha hata kidogo. La pili likang'oa bawaba ya juu. Ndani mkwe akatukana, kisha nikasikia parafujo ikizungushwa kwa nguvu na mfupa ukivunjika, sauti ndogo, kavu, kama kijiti cha kuwashia moto. Binti hakupiga ukelele tena. Hilo lilinitisha zaidi.

Simu yangu ilikuwa kwenye aproni. Nikaiinamia mpaka mdomo ukaigusa.

"Wewe," nikasema. "Angalia kifuani kwako. Sijakata. Nimesikia yote, tangu komeo. Mkono huo ukiuzungushia parafujo tena, nakutoa utumbo kwa hii kulabu, na nitakuzika mwenyewe chini ya vumbi la mbao."

"Mama?" akasema. Sauti ilikuwa ya mkwe aliyekuja kubisha hodi na sukari mkononi.

Kilichofuata binti alinisimulia baadaye. Mtu yule aliachia jiliwa, akaanza kuitoa ile simu mfukoni kwa glavu zake nene, akiitazama kama nyoka aliyemkuta kitandani. Binti mkono wake wa kulia umebanwa. Wa kushoto ukapapasa mezani, ukapata tupa, ile ndefu ya kunolea meno ya msumeno, isiyo na mpini. Akamchoma nayo juu ya goti mpaka ikagota.

Hilo nililisikia mwenyewe. Mkwe alilia kama mbwa aliyegongwa na gari.

Bawaba ya chini ikakubali. Mlango ukaanguka ndani nami nikaanguka nao. Kabla sijasimama, ngumi yake ilinipata sikio la kulia. Mashine ikapasukia kwenye ngozi, damu ikashuka shingoni, na upande wote ule wa dunia ukazimika. Akanyakua kipande cha msumeno mezani, akanipasua mkono kutoka kiwiko mpaka karibu na kifundo. Sikusikia maumivu. Niliona nyama yangu nyeupe kabla haijawa nyekundu, nikawaza, itashonwa.

Gogo huligeuzi kwa nguvu za mikono. Unaingiza ncha, unalala nyuma, uzito wako unafanya kazi. Niliingiza ncha nyuma ya kifundo cha mguu wake mzima, nikalala nyuma. Akapaa. Uso wake ukapiga ukingo wa meza, ukashuka ukiwa umebadilika. Nikasimama juu ya mkono wake wenye msumeno, kwa kisigino, na kile kijiti kikavu nikakisikia tena, safari hii chini ya kiatu changu.

Kisha nikaifungua ile parafujo ya jiliwa. Ililia kama kawaida yake.

"Usiangalie, mwanangu."

"Nimeshaangalia, Mama."

Vidole viwili havikuwa na umbo la vidole. Nikavua kitambaa cha kichwani, nikamfunga. Alikuwa bado amesimama kwa miguu yake.

Mzee Kimya akatokea mlangoni, bado na vikombe masikioni. Alikuja kuuliza kwa nini hakuna mtu wa kupokea mbao. Akauona mlango, damu, mtu chini. Mdomo ukafunguka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue haukuwa na neno hata moja.

Nikarudi kwa mkwe. Nilikuwa nimeiinua kulabu. Nasema ilivyokuwa: niliiinua, na shingo yake ilikuwa wazi, na mkono wangu mzima ulikuwa tayari. Midomo yake ilikuwa inacheza. Kwa hewa nisingesikia kitu, na msumeno ule unaunguruma. Lakini simu yake ilikuwa sakafuni kando ya mdomo wake, haijakatika, na sauti ikaniingia sikio la kushoto, safi, karibu, bila kelele yoyote, kama mtoto anayenong'ona akiwa mgongoni.

"Nisamehe, Mama. Mama yangu, nisamehe. Mimi ni mwanao. Nilimpenda tu."

Nikamtazama binti. Alikuwa hasikii chochote isipokuwa msumeno. Alikuwa ameukumbatia mkono wake kifuani, ananitazama mimi, sio yeye. Akatikisa kichwa. Hapana.

"Mama, unanisikia? Mama?"

Nikaishusha kulabu. Nikagusa sikio.

Simu ikakatika, kelele za kiwanda zikarudi zote kwa mpigo, nzito, chafu, zangu. Chini pale midomo iliendelea kucheza. Nikaipa mgongo.

"Kazime mashine," nikamwambia Mzee Kimya. Nilimvua vikombe ili anisikie. "Halafu uwapigie polisi. Kwanza gari la hospitali, mwanangu anaumia."