Habari kutoka Aveba

Mwanaume wa miaka arobaini na mitano akianza kukonda mjini Bunia, watu hawasemi anafanya mazoezi. Wanasema ana ugonjwa, au mkewe amechoka kumpikia. Ndiyo maana kukonda kwa Jérôme kulimsumbua Lucienne, mkewe, kuliko kulivyomsumbua mwenyewe.

"Miye niko napika, weye uko nakauka," alimwambia. "Bamama ya hapa Nyakasanza banasema nakunyima bugali. Kula basi, hata kwa heshima yangu!"

Jérôme alicheka, akala, na kesho yake akatoka tena kabla ya jua. Kitambi alichokilea miaka mingi akiwa ameketi kwenye duka lake la vipuri vya pikipiki kilikuwa kimekwisha, na hakuna aliyekililia isipokuwa Lucienne.

Aliyemrudisha barabarani ni Josias. Hilo lijulikane mapema, maana ndilo lililouma baadaye. Walikua pamoja, wakasoma pamoja, na ujanani walikimbia mbio ndefu pamoja. Jérôme alifika wa kwanza, Josias wa pili, siku zote. Kisha Jérôme akachaguliwa kwenda kukimbia Kisangani, na kabla hajasafiri vita vikaingia mjini. Alikimbilia Aveba, kusini mwa Bunia, kwa mjomba wake Sébastien, aliyekuwa amemlea na kumsomesha mjini tangu baba yake afe. Huko alikaa akimwagilia maharage machozi, kama mjomba alivyopenda kumtania, maana ni yeye peke yake aliyejua jinsi ile Kisangani ilivyomkaa kooni.

Miaka ilipita. Mwaka jana Josias akaingia dukani, akalitazama lile tumbo kwa huruma ya uongo, akasema, "Ndugu, ule mutu nilikuwa naogopa ameenda wapi? Kesho asubui, weye na miye."

Wiki za kwanza zilikuwa aibu tupu. Kwenye mpando, ule mwinuko wa Mudzipela, mama wenye vikapu vya mihogo kichwani walimpita, tena wakamsalimia. Josias alitangulia, akageuka, akarudi kumchukua, akampigia makofi na kumwambia pumzi itakuja. Ikaja. Siku moja Jérôme aliumaliza mpando ule bila kusimama, akakaa juu yake kwenye vumbi jekundu akicheka peke yake, na alimpenda Josias siku ile kama mtu anavyompenda ndugu wa tumbo moja.

Halafu zikatangazwa mbio za wenye umri mkubwa, kutoka Dele, nje ya mji, hadi katikati ya Bunia. Wa kwanza, na huyo tu, angekwenda Kisangani kuliwakilisha jimbo letu la Ituri. Jérôme aliposikia jina la Kisangani alifunga duka mapema. Jioni alimpigia mjomba simu, na mzee akapiga kelele za furaha mpaka Lucienne akazisikia akiwa jikoni. Siku chache baadaye huko kusini vita vikarudi, na simu za Aveba zikakatika zote.

Wakati huo Josias hakuwa tena mtu wa kurudi nyuma kumchukua mwenziwe. Jérôme ndiye aliyekuwa akimngoja kwenye kona, akinyoosha miguu. "Umekuwa mashetani!" Josias alikuwa akisema, huku akicheka. Kicheko kilikuwa kinafupika kila wiki, lakini nani anapima kicheko cha rafiki?

Asubuhi ya mbio Jérôme alikuwa amekwisha kuvaa viatu Josias alipoingia uani. Naye alikuwa amevaa jezi. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Jérôme, kaa kwanza."

"Kuna nini?"

"Mujomba Sébastien ametuacha. Mutu moja ya pikipiki ametoka Aveba, ameniambia hapa njiani. Ni juzi. Wamekwisha kumuzika."

Jérôme hakuuliza mtu huyo wa pikipiki ni nani. Asiyetoka kwetu atamlaumu, lakini huku simu zikikatika habari ya kifo inasafiri mdomoni mwa watu, na anayeileta haulizwi ushahidi. Kumwuliza ni kumwita mchawi. Tena mtu mwenye kilio hakimbii. Akionekana anakimbia, ukoo utasema anamkimbia marehemu, au anashangilia. Mpwa aliyelelewa na mjomba anakaa chini kwenye mkeka, anapokea watu, basi.

Alivua viatu. Alilia kwa sauti, bila kuona haya, na Josias akamkumbatia akalia naye.

"Niache course, nibaki na weye?" Josias aliuliza.

"Hapana. Enda. Kimbia kwa jina ya siye wote mbili."

Hayo maneno aliyasema yeye mwenyewe, kwa moyo mmoja. Kisha Lucienne akatandika mikeka, jirani wakaanza kuja mmoja mmoja, na kina mama wa kwaya ya parokia wakaanzisha nyimbo za marehemu. Mbio zilipoingia mjini honi na shangwe zilisikika mpaka uani. Jérôme aliinamisha kichwa. Alimlilia mjomba, na aliona aibu kwa sababu sehemu ya machozi yale ilikuwa ya Kisangani.

Mchana Josias alirudi, ameoga, amevaa shati jeusi. Habari kwamba ameshinda ilikuwa imemtangulia, na watu wakampongeza kwa kunong'ona, kama inavyofaa mahali pa matanga. Alikaa kwenye mkeka ubavuni mwa Jérôme, akamwekea mkono begani. Lucienne akawaletea bugali na sombe, majani ya mihogo yaliyopikwa. Josias alikula vizuri. Mtu aliyetoka Dele kwa miguu ana haki ya kula.

Simu ya Jérôme ikalia. Aliitazama, akaliona jina la mjomba. Aliipokea na kufungua spika, watu wote wakisikia, kwa sababu hakuamini macho yake na alitaka wenye masikio wamsaidie.

"Allô! Jérôme!" Sauti ilikuwa ya mjomba Sébastien, ile ile, yenye kikohozi cha tumbaku. "Réseau ya simu imerudi sasa hivi! Course imekwisha? Uliwapiga?"

Mama mmoja wa kwaya alipiga yowe na kuangusha kitabu. Mwingine akajipiga ishara ya msalaba, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Mujomba," Jérôme alisema. "Uko muzima?"

"Niko nakula mukate na chai! Nakuuliza, uliwapiga?"

"Hapana, mujomba. Sikukimbia. Nitakupigia."

Alikata simu. Furaha ilimjaa, furaha ya kweli, na ndani yake kukawa na kitu kichungu kama nyongo iliyopasukia kwenye mchuzi. Akamgeukia Josias.

"Ule mutu ya pikipiki. Jina yake nani?"

Josias alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kwenye sahani polepole. Angeweza kusema amedanganywa, na labda hayo ndiyo maneno aliyokuwa ameyatayarisha kwa siku simu zitakaporudi. Lakini macho ya uani yote yalikuwa juu yake, na uongo nao una haya yake.

"Tangu utoto niko nangalia mugongo yako," alisema. "Nilitaka mara moja tu. Ningekuomba, ungeniachia?"

Jérôme alijiuliza hilo kwa haki. Labda asingemwachia.

"Ulilia na miye," alisema. "Josias. Ulinishika, ukalia."

Josias akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali, akaaga kwa kichwa. Bunia mgeni haondoki peke yake. Hata mgeni mbaya anasindikizwa, walau hadi barabarani. Lucienne alibaki kashika sahani. Kina mama wakatazama mikeka. Josias akaenda peke yake kwenye njia ndefu ya kwenda kwenye lami, akichechemea, miguu imeshikwa na zile mbio, bila kugeuka nyuma.

Jérôme alimwona muda wote. Miguu yake mwenyewe ilikuwa imepumzika, na kwa mwendo ule wa kuchechemea angemfikia kabla ya kona. Alibaki amekaa.