Kinanda Alichokiacha Njoki

Mji mzima wa Chaka ulijua kwamba Njoki wa saluni haishiwi na mambo. Alipofuga nyuki, aliongea nyuki hadi wateja wakaanza kuwaota. Nyuki walipomtoka akaingia kroshia, na blanketi lake likafika magotini likakomea hapo. Kisha ikawa ngozi, akashona pochi na mikanda. Kisha akanunua akodioni, kile kinanda cha kuvuta na kukunja ambacho wazee wa Nyeri huchezea ngoma ya mwomboko, akakipiga asubuhi na jioni mpaka majirani wakamwombea. Kila kimoja kilimshika kama homa na kila kimoja kikamtoka siku moja bila kwaheri. Mabaki yote yalikuwa stoo, ambako mumewe Wamae aliingia kutafuta jembe akatoka na mzinga.

Watu walimwambia mshika mbili moja humponyoka. Walimwambia kwa upole, na upole wa namna hiyo unachoma kuliko matusi. Wengi wao, tuseme ukweli, walikuwa hawajawahi kushika hata hiyo moja.

Halafu binti yake Shiro, wa miaka kumi na miwili, akaanza kuletewa lawama na walimu: hatulii, anasahau, anaanza insha tatu na kumaliza sifuri. Wakampeleka Nyeri kwa daktari. Daktari aliongea na mtoto kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mama, ambaye kwa wakati huo alikuwa amesoma mabango yote ukutani na sasa alikuwa anatengeneza zipu ya mkoba wa daktari mwenyewe.

"Na wewe, mama," daktari akauliza, "tangu utotoni umekuwa hivi?"

Wote wawili walikuwa na ADHD, hali ya ubongo usiotulia mahali pamoja. Njoki alirudi Chaka akilia kwa furaha. Miaka thelathini na minane alikuwa akijiita mvivu, kumbe ubongo wake ni wa namna yake: hauwashwi na lazima, huwashwa na kinachouvutia, na kikiisha mvuto unazima hata uupigie magoti. Alitamani kulitangaza jambo hilo sokoni kwa kipaza sauti.

Shiro aliipokea habari hiyo kwa njia nyingine. Yeye alikuwa mwana wa voliboli, mpaka kitandani alilala na mpira, na muhula ule aliuacha akaanza kuchora. Mwalimu wa michezo alipopiga simu kuuliza kulikoni, Njoki alimwita binti yake wazungumze.

"Mum, si mimi niko tu kama wewe?" Shiro akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye mchoro wake. "Sisi ni watu wa kuachanga vitu. Ndio tuko hivyo."

Aliyasema bila uchungu wowote, na hapo ndipo Njoki alipoumia. Mtoto alikuwa amekwisha kujikatia tamaa, na ile aibu yake mwenyewe ilikuwa imepata mrithi. Angeweza kuvumilia kuchekwa na Chaka yote, lakini si hilo.

Mwezi wa Septemba familia ilikutana Endarasha, nyumbani kwa baba yake Njoki, Mzee Theuri. Mzee alikuwa anatimiza miaka themanini na watoto walitaka kumfanyia ibada ya shukrani Disemba. Mugo, kaka yake Njoki na kifungua mimba wa mzee, ndiye aliyeongoza kikao kama alivyoongoza vikao vyote tangu azaliwe. Alikuwa amefika kwenye suala la DJ mzee alipoweka kikombe chini.

"Mimi nataka mwomboko," akasema. "Maitu atanipigia kinanda."

Maitu, yaani mama yangu, alikuwa Njoki. Alibeba jina la mama mzazi wa mzee, na mzee hakuwahi kumwita vingine.

Mugo akakohoa. "Baba, Njoki aliacha hiyo mambo kitambo. Atakuambia ndiyo, aanze na nguvu, halafu siku yenyewe ati ako na kitu ingine. Wacha DJ akuje tu."

Hakuna aliyepinga. Shiro, andazi mkononi, alimtazama mama yake kuona atasema nini.

"Nitapiga," Njoki akasema.

Kusema ni rahisi. Alikitoa kinanda stoo, akakipangusa, akafuata ushauri ambao Mugo alimpa siku zote, kwamba haba na haba hujaza kibaba: nusu saa kila siku, baada ya chakula. Siku ya kwanza alikaa nacho mapajani akapiga mwanzo wa wimbo, kisha akainuka kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Siku ya pili alipaka stuli rangi. Vidole vilikuwa vizito kama vya mtu mwingine, na alipojilazimisha, moyo ulizidi kukaza kama punda aliyekataa kupanda mlima. Wiki mbili zikaisha hivyo. Kila alipokiweka chini alijua kwamba Shiro, pale mezani na penseli zake, ameona.

Ndipo akakipeleka saluni, akijidanganya kwamba atapiga kati ya mteja na mteja.

Mteja wa siku hiyo alikuwa Apondi, afisa wa polisi aliyehamishiwa Chaka kutoka Siaya, mwanamke wa kucheka kwa sauti. Njoki alimsuka nusu ya kichwa, akaweka maji jikoni ya kuchovya ncha za nywele, akasimama kunyoosha mgongo. Akakivuta kinanda kidogo, bila nia. Kitufe kimoja hakikulia. Kilitoa pumzi tu.

"Hiyo imekufa?" Apondi akauliza.

"Haikuwa hivi," Njoki akasema. Akabonyeza tena. Pumzi tupu. Kwa nini?

Na hilo "kwa nini" ndilo lililokuwa likikosekana wiki zote mbili. Kabla Apondi hajageuza shingo, misumari ilikuwa imefunguliwa na kinanda kimelala wazi juu ya meza ya vitana. Ndani yake vilimi vidogo vya chuma vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, na kila kimoja kimegandishwa kwenye ubao kwa kitu cha rangi ya kahawia. Baridi ya huku Kieni ilikuwa imekipasua kile kitu, kilimi kimoja kikaanguka. Njoki alikwangua kidogo kwa kucha, akanusa.

"Nta," akasema. "Apondi! Ni nta ya nyuki!"

Alikimbia nyumbani, akarudi na bonge la nta aliyokamua enzi za mizinga yake, na kulabu ya kroshia, na mabaki ya ngozi. Akaweka nta kwenye kopo, kopo akalitia ndani ya sufuria ya maji yaliyokuwa yakitokota.

"Mama Shiro, hayo si maji ya nywele yangu?"

"Dakika mbili tu."

"Niko duty saa kumi!"

"Dakika mbili. Nimulikie hapa na simu."

Dakika mbili za Njoki, anayezifahamu anazifahamu. Afisa wa serikali alisimama pale, upande mmoja umesukwa na upande mwingine umesimama wima, akimulika. Baada ya muda akasahau kulalamika, akaanza hata kushika pumzi nta ilipodondoshwa. Kulabu ikafika mahali ambapo kidole kisingefika. Kifuniko chembamba cha ngozi juu ya kilimi, kilichokuwa kimejikunja, kikatolewa na kipya kikabandikwa.

Shiro aliwakuta hivyo aliporudi shuleni. Akasimama nyuma ya mama yake, begi mgongoni.

"Mum, hiyo si ni ile kitu ya blanketi?"

"Ndiyo."

"Na hiyo wax ni ya nyuki zako?"

"Ndiyo."

"Na hiyo ngozi ni ya..." Akanyamaza mwenyewe. "Kwani ulikuwa unajua utakuja kuzihitaji?"

"Hapana," Njoki akasema. "Nilikuwa nazipenda tu."

Ndipo na yeye akasikia alichosema. Akaitazama ile meza. Hakuna fundi ambaye angempa vitu vile vyote pamoja, wala hakuna aliyemfundisha kuvitumia, ila ile miaka ambayo kila mtu aliihesabu kuwa ya kupotea. Fahari ilimpanda kifuani ghafla, kubwa, ya kutaka kupiga kelele. Alibonyeza kitufe. Kikalia.

Apondi akapiga vigelegele na kuondoka mbio, nusu kichwa kikiwa kimefichwa chini ya kofia ya serikali. Njoki hakumwona hata akitoka. Alikuwa anapiga. Alianza na wimbo aliokuwa akishindwa nao, kisha mwingine, na vidole vile vizito vikawa vyake tena. Kutoka siku hiyo hakupanga nusu saa wala robo. Alipiga alipotaka, na alitaka kila wakati.

Siku ya shukrani ilikuwa na jua kali na upepo wa baridi, kama Disemba za Endarasha zilivyo. Kasisi alimaliza mahubiri, sufuria za mukimo zikatolewa, na Mugo akatangaza kwamba dada yake atapiga wimbo mmoja wa kuwasindikiza wageni kwenye chakula. Alisisitiza mmoja. DJ alikaa kando na mashine zake, tayari kwa lolote.

Njoki akavaa mikanda ya kinanda. Rafiki wa baba yake, Mzee Ngatia, akashika karing'aring'a, ile pete ya chuma, akaigonga. Kinanda kikafunguka. Wazee waliokuja na fimbo waliziegemeza kwenye viti. Mzee Theuri alitazama huku na huku, kama mtu anayemtafuta marehemu mkewe, kisha akamnyooshea mkono mjukuu wake. Shiro akaenda. Alikosea hatua, akakanyaga viatu vya babu, akashikwa kiuno na kuelekezwa, akaipata.

Wimbo mmoja ukawa mitatu. Njoki hakusikia kitu kingine duniani. Kasisi alitazama sufuria, mukimo ukapoa, DJ mwenyewe akaja kucheza na bibi wa jirani. Baba yake alipomwita mara ya tatu ndipo alipomsikia.

"Maitu, nihurumie! Hizi magoti ziko na miaka themanini!"

Watu walicheka na kupiga makofi, wengine wakalia. Mugo naye alikuwa analia, na hilo si jambo dogo. Alimkumbatia dada yake, kipaza sauti bado mkononi.

"Sasa tumekujua," akasema, na sauti ikaenea hema zima. "January kuna harusi ya binamu wetu Kim. Easter utapigia kanisa. Nitakupangia kila kitu."

"Usinipangie, Mugo. Labda nitapiga. Labda nitakuwa nimeenda kwa kitu ingine. Ikinirudia nitakuambia."

"Si unaona?" Mugo alisema, amesahau kabisa alichoshika. "Hiyo ndiyo shida yako. Unaweza, halafu unaacha."

Kila mtu alisikia.  Njoki alihisi ile aibu ya kale ikimpanda shingoni, akashika mikanda ya kinanda ili aivue.

"Uncle, hiyo si shida."

Ilikuwa sauti ya Shiro. Alikuwa bado ameshikana mkono na babu yake, anahema kwa kucheza, na kidevu kiko juu.

"Mimi niliacha volleyball, na serve yangu bado niko nayo. Saa hii nachora. Yenye inakuja sijui bado, lakini nitaijua vizuri, kama mum. Sisi ndio tuko hivyo."

Yalikuwa maneno yale yale ya siku ile aliyokuwa akichora, lakini safari hii aliyasema mbele ya ukoo mzima na akawaangalia machoni. Mzee Theuri akamgeukia mwanawe. "Mugo, umeskia?" akauliza. Mugo akazima kipaza sauti.

 Njoki akavuta kinanda, na Shiro akamrudisha babu yake katikati, magoti yapende yasipende.