Aliyeshikilia Daraja

Daraja lile ambalo siku hizi watu hutoka mbali kuja kupigia picha, lilianza asubuhi moja wakati fundi cherehani alipokuwa akitoka dukani kununua uzi mweusi. Injinia mmoja kijana, kofia ngumu kichwani, alimjia mbio na ncha ya kamba mkononi.

"Samahani mama, nishikie hapa kidogo. Nakuja sasa hivi."

Akashika. Angekataaje? Kijana wa watu alikuwa anatiririka jasho, na alianza kwa samahani. Injinia akaenda zake, jioni ile ile akapata uhamisho, asionekane tena.

Njaa ilipomzidi, fundi cherehani alimwita msimamizi wa ujenzi, bwana mpole mwenye tumbo la kumtangulia.

"Baba, niiache hii kamba nikapike?"

Msimamizi akaitazama kamba. Ilitoka mkononi mwa mama, ikapita juu ya mawe ya msingi, ikapotelea katika ukungu wa mto kuelekea ng'ambo. Akafungua michoro. Kamba haikuwemo.

"Imeshikilia nini?"

"Mimi nitajuaje? Nimeambiwa nishike."

"Basi usiachie, mama yangu. Ngoja niulize."

Akauliza. Aliowauliza nao wakauliza wakubwa wao, na jibu likarudi kutoka juu kabisa: aendelee kushika.

Basi daraja likakua, naye yuko pale pale. Waashi walimjengea kiti, kisha ukuta wa kumkinga upepo, kisha paa, mwishowe kikawa chumba chenye dirisha la kutazama mto. Cherehani yake ililetwa kwa mkokoteni. Akawa anashona kwa mkono mmoja, miguu ikikanyaga pedali, na mwashi yeyote aliyepita alisimama kumnyooshea kitambaa. Suruali za miaka ile zilikuwa na mishono ya kwenda upande, lakini wateja walizivaa na kumshukuru. Kamba ilikuwa na ulegevu wa kumfikisha kitandani, jikoni na chooni. Kamba iliyolegea hivyo inaweza kushikilia daraja gani, hakuna aliyejiuliza. Kila mtu alikuwa na kazi zake.

Jirani yake, muuza mkaa, alikuwa hasemi naye tangu walipogombana juu ya mfereji wa maji machafu. Hata hivyo kila wiki alifika na kitana, akaketi nyuma yake na kumsuka.

"Sijakusamehe," alimwambia. "Nimekuja kwa ajili ya hiki kichwa tu. Kinawatisha wajenzi."

"Basi kaza huko nyuma, kunafumuka."

Alichokaza mama moyoni kilikuwa kingine. Binti yake wa pekee aliolewa ng'ambo. Daraja lile mama alilitamani kuliko mtu yeyote mjini, apate kwenda na kurudi bila kungoja kivuko. Na binti alipopata ujauzito, mama alimwahidi: siku yako ikifika, nitakuwa kando yako. Sasa nguzo zilikwisha simama, nyaya zikatundikwa, lami ikamwagwa, na katika mji mzima yeye peke yake ndiye asiyeweza kuvuka.

Siku ya ufunguzi, wageni wa heshima wameshaketi chini ya turubai, simu ya muuza mkaa ikalia. Aliisikiliza, kisha akaja mbio kumwekea mwenzake sikioni.

"Mama," sauti ya binti ilisema, "uchungu umeanza. Uliniahidi."

"Mumeo yuko wapi?"

"Yuko hapa. Amezimia."

Fundi cherehani akainuka. Msimamizi akamzuia mlangoni, mikono imetanda kama kuku mwenye vifaranga.

"Mama, nakusihi! Ukiachia, nitawaambia nini wageni?"

"Nani kasema naachia? Kamba inaenda ng'ambo, nami naenda ng'ambo. Tunafuatana."

Akatoka, akakanyaga lami mpya. Alivuta kamba hatua kwa hatua, akiizungusha begani. Ilipomwelemea, muuza mkaa akaipokea mizunguko bila kuombwa, akaibeba kichwani, huku analalamika kwamba inanuka samaki. Msimamizi alifuata nyuma yao kwa ncha za vidole, asilishtue daraja.

Katikati ya mto wakaona mtu anawajia kutoka upande wa pili. Alikuwa mzee mwembamba, nahodha wa kivuko, naye ana kamba begani.

"Simameni!" alipiga kelele. "Nani anaichezea kamba? Nimeisikia inakwenda, nikajua daraja linakufa, nikaja kuliokoa!"

"Wewe unaifanyia nini kamba yangu?" akauliza fundi cherehani.

"Yako? Mimi ndiye ninayelishikilia daraja hili! Injinia kijana alivuka na kivuko changu akaniambia nishike kidogo, anarudi ng'ambo yenu mara moja kutafuta mtu wa upande wa pili."

Wakatazamana. Kamba yote ilikuwa juu yao, nusu huku, nusu kule, na kati yao kipande kifupi kinaning'inia kama cha kuanikia nguo. Msimamizi alipoelewa kwamba hakuna kinachoshikiliwa, alilala kifudifudi kwenye lami, akafumba macho, akingoja kuanguka.

Daraja halikutikisika.

"Mama, unakwenda wapi na haraka hiyo?" nahodha akauliza.

"Binti yangu anajifungua."

"Ah! Nipe na ncha yako. Nitazishika zote mbili. Huwezi kujua." Akaketi pale katikati, ncha moja kila mkono. "Nenda, nenda, usiniangalie mimi."

Alikwenda mbio na viatu mkononi, muuza mkaa nyuma yake akimwambia aangalie mashimo ambayo hayakuwepo. Wakamruka mkwe, aliyelazwa kizingitini na mto chini ya kichwa. Binti alipomwona mama yake, alilia kwanza, ndipo akaendelea na kazi. Mtoto alitoka kabla ya adhuhuri, wa kike, ana hasira.

Baadaye, binti amelala na fundi cherehani amempakata mjukuu kwa mikono yote miwili, msimamizi alibisha dirishani, kofia kifuani.

"Mama, wageni wanauliza. Magari yapite?"

Fundi cherehani alimtazama mtoto. Macho ndiyo kwanza yanafumba.

"Yanapiga honi?"

"Siku ya ufunguzi, mama, lazima."

"Basi subirini. Ndiyo kwanza anasinzia."

Msimamizi akarudi kwa kunyata hadi kwenye turubai, akawapa wageni ujumbe. Wakubwa wakavua viatu, bendi ikashusha tarumbeta, na ufunguzi ukangoja.