Kona ya Mjomba

Lenzi zote mbili zilikuwa za kuazima, na duka lilitaka jibu kabla ya jioni: anachukua ipi, anarudisha ipi. Kesho yake binti huyo mpiga picha alikuwa na kazi yake ya kwanza ya maana, kupiga picha zahanati mpya iliyobanwa kichochoroni. Msanifu aliyeichora alikwisha kumwonya: akiona ukuta umelala pichani, atatafuta mtu mwingine.

Basi akaitega kamera yake kubwa mbele ya studio ya picha ya mama yake. Uzuri wa lenzi hizi ni kwamba huielekezi kamera juu. Unaisogeza lenzi yenyewe, na jengo linabaki wima. Moja ilikuwa pana, yenye kuona eneo kubwa, lakini ya kusogea tu. Nyingine ilikuwa finyu, ila iliweza pia kuinama. Akazijaribu. Kona ya studio ikalala kushoto kwa zote mbili.

"Zimepinda hizo," alisema mjomba, fundi mwashi aliyeijenga studio ile na hakuacha kuwakumbusha watu. "Rudisha zote, mwanangu."

Binti akachungulia kipimamaji cha kamera. Povu limetulia katikati. Kamera haikuinama. Lenzi mbili zitungeje uongo mmoja? Lakini mjomba ataambiwa na nani kwamba ukuta wake ndio uliopinda? Akaomba timazi, ule uzi wa mwashi wenye uzani, eti apime miguu ya kamera.

Mjomba hakumpa. Aliitundika mwenyewe ukutani, amalize ubishi. Uzi ukashuka wima. Ukuta ukaenda zake kushoto.

Mama akatokeza kichwa mlangoni.

"Kaka, kumbe ndiyo maana kila asubuhi nanyoosha fremu za picha za watu humu ndani."

Mjomba alikuna kidevu, halafu akacheka mpaka timazi ikacheza.

Binti akarudi kwenye kamera. Lenzi zote mbili ziliuonyesha uzi umenyooka, lakini ile pana peke yake ndiyo iliyoubeba ukuta mzima bila yeye kurudi nyuma, na kichochoroni hakuna pa kurudi nyuma. Akachagua hiyo.

"Sasa nipige na ukuta wangu," mjomba akamwomba kwa sauti ya chini. "Ila uunyooshe kidogo."

Akailaza kamera upande kidogo tu. Pichani kona ilisimama wima kabisa. Aliyeinama ni mjomba, anatabasamu.